Kuku Niliowaajiri Kumkagua Mbwa wa Babu

Haya jamani, wa mbele kaeni chini wa nyuma nao waone, na mwenye mbwa kwake anyooshe mkono. Wewe, wewe, na mama wa pale mwenye kitenge cha njano. Sasa nijibuni: leo asubuhi nani kamfunua mbwa wake sikio akachungulia ndani? Hakuna. Nilijua. Mbwa mnawapenda kwa mbali kama mnavyowapenda wakwe zenu.

Nauliza kwa sababu juzi mjukuu wangu wa pale Kitete kaja na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu. Kanionyesha kichupa kidogo kama cha manukato, anasema, "Bibi, hii unadondoshea hapa shingoni, basi, mwezi mzima kupe hasogei." Nikasema vizuri, Mungu awabariki walioitengeneza. Lakini huku nasema, vidole vyangu vimeshakwenda vyenyewe, sijavituma. Vikaingia sikioni, vikapita kwapani, vikafika katikati ya vidole vya mguu wa nyuma, vikasimama. Kupe! Mjukuu kashika mdomo. "Umejuaje kama yuko hapo?"

Nimejuaje? Ndugu zangu, mimi hapo nilifundishwa kwa machozi. Shule sikukaa, lakini darasa la kupe nilimaliza.

Kwetu kilikuwa kijiji cha ndani kidogo kutoka Igalula, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipiga honi, ugali unatikisika sahanini. Babu alikuwa na shamba la karanga kubwa hivi kwamba ukisimama mwanzo ukamwita mtu aliye mwisho, sauti inamfikia kesho yake. Na nyani wa kule walikuwa wanakuja kwa mpango: huyu anang'oa, huyu anakung'uta udongo, yule mnene wao anaonja kama zimekomaa. Kilichokuwa kinatuokoa ni mbwa mmoja tu, dume, rangi yake kama udongo wa kichuguu. Babu alimpa jina Waseme, kwa sababu majirani walikuwa wanamsema sana yeye babu. Kwa hiyo kila jioni babu akisimama uani akaita, "Waseme! Wasemeee!" utasikia mlango wa jirani unabamizwa.

Pale nyumbani kila mtoto alikuwa na kazi yake. Kuna wa maji, kuna wa kuni, kuna wa kuanika michembe ya viazi vitamu juani na kufukuza mbuzi wasiimalize. Mimi nilipewa mbwa. Sheria ilikuwa ya bibi yangu: jioni, kabla mtu hajanawa mikono kula, mbwa awe amekaguliwa. Unaanza masikio, unayakunja ndani nje. Unakwenda shingo, kwapa, halafu vidole vya miguu, mguu mmoja mmoja, katikati ya kila kidole, na mwisho chini ya mkia, upende usipende. Ukimkuta kupe usimpasue kwa kucha. Unambana pale pale karibu na ngozi, unamvuta taratibu bila kumzungusha, unamtumbukiza kwenye kopo lenye mafuta ya taa. Bibi hakuwa na maneno mengi. "Umekagua?" "Nimekagua." "Haya, nawa." Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa, mate yananitoka, nakumbuka mlenda wenye karanga.

Tatizo langu mimi nilikuwa mtu wa kutaka kujua. Nyuma ya nyumba yetu ilipita ile njia ya zamani ya misafara, na babu alikuwa ananiambia kwamba kupe wetu si wenyeji. "Hawa wametoka pwani," anasema, uso mkavu kabisa, "wamekuja wamening'inia kwenye miguu ya wapagazi. Walipofika Unyamwezi wakaona nchi nzuri, wakashuka." Mimi nikaamini! Nikawa nawachunguza kama wana chochote cha pwani. Nilimweka mmoja kwenye jani, akapanda mpaka nchani, akajishika kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele akainyoosha hewani kama abiria anayesimamisha basi. Nikampitishia mkono karibu, akachangamka. Kaniona kwa macho gani? Macho yenyewe siyaoni! Mwingine nilimfungia ndani ya kiberiti tulipopanda karanga, nikamsahau. Nimekuja kukifungua karanga zimeshatoa maua, yule bwana anatembea. Hajala, hajanywa, anatembea. Na mimi nikikosa uji asubuhi moja tu naona nyota.

Sasa utachunguza kupe saa ngapi, na utakagua mbwa saa ngapi? Siku moja nikaona ng'ombe wa jirani wamelala, na kuku wanawapanda mgongoni wanadonoa kupe. Ng'ombe ametulia, kuku anashiba. Nikasema, kumbe kuna vibarua na mimi nateseka! Nikachukua ukoko wa ugali, nikaufikicha juu ya mgongo wa Waseme, nikamlaza. Kuku wakaja. Walidonoa ukoko, walidonoa kupe, na mbwa mwenyewe akafumba macho kama mtu anayesukwa. Siku ya tatu hata ukoko sikuweka, wanakuja wenyewe kwa zamu. Bibi anapitisha mkono mgongoni, pasafi. "Mjukuu wangu ana vidole," anawaambia watu. "Umekagua?" "Nimekagua." Kuku walinenepa mpaka mmoja akawa hawezi kupita mlangoni ila kwa ubavu.

Karanga zikakaribia kukomaa. Ndipo Waseme akaacha kula. Ugali wenye mchuzi wa dagaa anautazama tu. Nyani wakashuka mchana kweupe, yeye akainua sikio moja, akalirudisha. Bibi akamfunua mdomo, ufizi mweupe kama unga wa muhogo. Yule jirani wa kubamiza mlango naye akaja, maana ugonjwa ni ugonjwa, akasema, "Mpakeni oili chafu mwili mzima." Babu alichukua baiskeli akaenda kumfuata bwana mifugo.

Bwana mifugo akafika, akavua kofia, "Shikamoo mama," bibi akaitikia marahaba, mgeni akapiga magoti kwa mbwa. Mgongo pasafi. Akafunua sikio. Akafungua vidole vya mguu, akaguna. "Hapa ndani kuna mkutano wa kijiji," akasema. "Ana homa ya kupe. Nani anamkagua mbwa huyu?"

Nyuso zote kwangu. Hata mbwa aliniangalia.

"Mimi."

"Unamkagua vipi?"

Kabla sijafungua mdomo, tetea mmoja akaja mbio, akarukia mgongo wa Waseme, akaanza kazi. Bila wasiwasi, kama mtu aliyechelewa kibaruani. Wakafuata wawili. Babu akamwangalia kuku, akaniangalia mimi, akamwangalia tena kuku. Bwana mifugo akauma mdomo asicheke. Nikasema yote, na kamasi juu.

"Kuku anaona mgongo," bwana mifugo akanieleza, taratibu. "Ndani ya sikio hafiki. Katikati ya vidole hafiki. Na kupe anajua hilo kuliko wewe." Akamchoma sindano. Akamwambia jirani oili aiweke kwenye baiskeli, mbwa inamuunguza ngozi na akijilamba inamuua. Akatuambia tufyeke majani pale anapolala, tufagie, na dawa ya kunyunyizia atatupimia yeye, tusichote kwenye josho la ng'ombe tukakisia.

Babu ndiye aliyeniua. Hakupiga kelele. Alisema, "Mbwa huyu akipona, anakwenda Lusu kwa mjomba wako. Kule watu wana macho."

Mayo wee! Bora angenichapa. Bibi akaniombea: "Mzee, mtoto kakosea, mpe nafasi." Babu akafikiri muda mrefu, treni nzima ikapita. "Bwana mifugo atarudi baada ya wiki. Amkague huyu mkaguzi. Akishindwa, Lusu."

Wiki ile sikulala kitandani, nililala kando ya mbwa. Nilimdondoshea maziwa kwa kijiko, tone, tone. Niliweka sikio kifuani kwake nikasikiliza moyo, nikajiuliza mbona unakwenda mbio na mwenyewe amelala. Siku ya tatu akasimama, miguu inacheza kama kiti kibovu, akatembea mpaka kwenye nguzo ya jiko, akaikojolea. Bibi alipiga vigelegele! Sijawahi kuona mkojo uliofurahiwa namna ile. Na mimi huku najifunza. Nilimkagua Waseme nikiwa nimefumba macho. Nilikagua mbuzi. Nilikagua binamu zangu wote masikio. Alikuja mtoto wa jirani kuomba chumvi, nikamkagua hadi kwapani, akakimbia chumvi kaiacha.

Jamani, yale hayapo tena. Babu na bibi wamelala kule kule, shamba la karanga leo ni nyumba za bati, na ile njia ya misafara naipita juu ya bodaboda nimeshikilia kitenge. Kichupa sikikatai, dondosheni tu. Lakini kichupa hakikai na mbwa jioni. Mimi nilimjua yule mbwa kwa vidole: najua kovu la nyani liko wapi, najua ukimgusa wapi anacheka. Siku hizi mbwa kafungwa getini mwaka mzima, anatubwekea wezi, na hakuna hata mmoja anayejua nyuma ya sikio lake kuna nini. Mnajua nenosiri la simu ya jirani, sikio la mbwa wenu hamlijui.

Basi, siku ya siku ikafika. Ua ukajaa, maana habari ya kuku ilishafika mpaka stesheni. Babu kwenye kigoda, fimbo magotini. Bwana mifugo akampapasa Waseme kwanza yeye, akasimama. "Nimeona mmoja. Nionyeshe."

Nikaanza masikio. Ndani nje, hamna. Shingo, hamna. Kwapa la kushoto, huyo! Nikambana, nikamvuta, kwenye kopo. Watu wakapiga makofi. Sikugeuka. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu; wa nne, katikati ya vidole viwili vya mwisho, mdogo kama mbegu ya mchicha. Nikamtoa, nikamwekea bwana mifugo kiganjani. Akamtazama, akakohoa. "Huyu sikumwona."

Babu akanyanyuka. "Haya," akasema, "Lusu watafute mbwa wao."

Hapo ningeacha. Mtu mwenye akili angeacha. Lakini watu wanashangilia, kichwa kimevimba kama boga, nami nataka waone zaidi. Nikampindua Waseme chali, nikapapasa tumboni, na kweli, nikamkuta wa tatu. Mnene, wa rangi ya waridi, kakaa vizuri. Nikambana karibu na ngozi kama nilivyofundishwa. Nikavuta. Haji. Nikavuta tena, Waseme akalia sauti ambayo Tabora nzima iliisikia, nami nasema, "Huyu kang'ang'ania kweli, nishikieni miguu!" Bibi akatupa ungo wa karanga chini, akaja mbio anapiga kelele:

"Mwachie, mtoto wewe! Hiyo chuchu kazaliwa nayo!"