Toba ya Mama Irine

Wifi yangu Sifaeli hajawahi kulewa. Naanza na hilo kwa sababu ukipanda huku kwetu, juu ya Usa River, ukamuuliza mtu yeyote habari za Mama Irine, ataanza na ulevi. Atakusimulia alivyotubu kanisani, na atakusimulia kwa raha, maana watu wetu wanampenda sana mtu aliyetubu, mradi si wao.

Kaka yangu alimuoa akiwa na miaka ishirini na miwili. Sifaeli alikuwa mchapakazi asiye na maneno mengi. Kahawa aliipalilia yeye, ng'ombe alimkatia majani yeye, na kaka alikaa kibarazani akisema shamba lake linapendeza. Kaka alipofariki, Sifaeli akalala. Sisemi kwamba alihuzunika, wote tulihuzunika. Alilala miezi minne, uso umeugeukia ukuta, haogi, hali mpaka umlishe. Irine, mtoto wake pekee, wakati huo yuko kidato cha pili, alijifunza kupika loshoro ya mahindi na maziwa mgando kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kupika. Mimi ndiye niliyempeleka mama yake hospitali mjini, kliniki ya afya ya akili. Nyumbani tukasema ni presha.

Miaka sita tulikwenda kuchukua hizo "dawa za presha". Kilikuwa kidonge kimoja cha amitriptilini kila jioni. Kilimwinua kitandani, kikamrudisha shambani, hata akachaguliwa kutunza vyombo vya Chakula cha Bwana pamoja na ufunguo wa kabati la divai. Irine hakujua. Kijiji hakikujua, na kijiji chetu kitu kisichokijua hukitafuta.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, nilimkuta amesimama mbele ya ng'ombe na majani mkononi. Ng'ombe analia, yeye hampi. Nikajua. Kesho yake tulikuwa kwa daktari.

Daktari akamwongezea: viwili wiki ya kwanza, kisha vitatu. "Mama, mwanzoni utayumba," alimwambia. "Mdomo utakauka, ulimi utakuwa mzito, usingizi utakuelemea. Vumilia wiki tatu, mwili utazoea. Usiache ghafla. Na usichanganye na pombe."

Pombe! Sifaeli, ambaye hata mbege ya harusi yake aliigusa kwa midomo tu. Tulicheka mpaka stendi.

Daktari hakukosea hata neno moja. Asubuhi wifi alikuwa anashika mgomba huu na ule mpaka afike chooni. Mdomo ulimkauka hadi ulimi unanata, akawa hatembei bila pipi za minti mfukoni. Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote. Barua ya posa ya Irine ilikuwa imeshaletwa. Mchumba wake ni Calvin, kijana mzuri tu, sina neno naye. Neno ninalo na mama yake. Mama Calvin alishamvunjia uchumba kaka yake Calvin kwa sababu shangazi wa yule mchumba aliwahi kuokota makopo barabarani. "Ukichaa hauishii kwa mtu mmoja," alisema, na alisema sokoni, ili asikike.

Jumapili ya pili Sifaeli alipanda na sinia la vikombe vidogo vya divai, mguu ukakosa ngazi ya altare. Vikombe vyote chini, divai kwenye kitambaa cheupe na kwenye gauni lake. Mchungaji akamuuliza, "Mama Irine, vipi?" Akajibu. Sijui alijibu nini, hata yeye hajui, ulimi haukumsaidia. Kanisa zima likasikia. Mzee wa kanisa Elifuraha akamshika mkono kumtoa nje, akaunusa mdomo wake kama mtu anayenusa maziwa, kisha akasema kwa sauti, "Minti. Asiyekunywa anaficha harufu ya nini?"

Baraza la wazee likamwita Jumatano. Jumanne tulikaa jikoni kwake tukimenya ndizi, na mimi ndiye niliyemharibia maisha, kwa hiyo nitayasema maneno yangu kama nilivyoyasema.

"Wifi, nikisema ni dawa," alisema, "wataniuliza dawa za nini."

"Presha."

"Presha haimfungi mtu ulimi. Mke wa Elifuraha ana presha."

"Basi sema umekunywa," nikasema.

"Mimi?"

"Mlevi anatubu, anasamehewa, yamekwisha. Hilo lingine halina toba, na Mama Calvin hatangoja hata jioni."

Aliniangalia muda mrefu, kisu kikiwa kimekwama kwenye ganda. "Irine ataolewa?" aliuliza.

"Ataolewa."

Akaendelea kumenya.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya usharika, ameshika leso kwa mikono miwili. "Nimeanguka katika dhambi ya ulevi. Naomba mnisamehe." Ulimi ulikuwa bado mzito, na hilo lilimsaidia, kila mtu alisikia kwa masikio yake kwamba anasema kweli. Akina mama wakapiga vigelegele. Nilitamani kuwatupia vitabu vya nyimbo. Ufunguo wa kabati akaurudisha, akaambiwa asiikaribie meza ya Bwana mpaka aonekane amebadilika. Nje, Mama Calvin akamkumbatia. "Hata marehemu mume wangu alikunywa, mama. Bora pombe. Pombe tunaijua."

Basi nikajiona nina akili. Siku mbili nzima nilijiona nina akili.

Nilichosahau ni kwamba mgonjwa akiyumba anasamehewa, lakini mlevi aliyetubu hana ruhusa ya kuyumba tena. Mke wa Elifuraha alianza kuja kila alasiri "kumtia moyo". Alikaa karibu, akamsalimia kwa kumkumbatia, akavuta pumzi. Pipi za minti zikawa marufuku. Sifaeli akawa anatafuna mate asiyokuwa nayo.

Jumatano wazee wa upande wa Calvin wakatuma habari kuwa Jumamosi wanakuja kuzungumza mahari. Irine aliingia jikoni, mimi nikiwepo, hakunionea hata haya.

"Mama, Jumamosi ukiyumba mbele ya wale wazee, usiniite mwanao tena. Umenivua nguo kanisani, nyumbani nakuomba unisitiri."

Mkono wangu uliniwasha. Ningempiga, ningemwambia, lakini wifi alinitangulia. "Sawa, mwanangu," alisema, basi.

Zile wiki tatu za daktari zilikuwa zimebakiza siku nne.

Sikujua alichofanya. Ijumaa alitapika na kutokwa jasho, nikamnunulia dawa ya malaria, mimi mwenye akili. Jumamosi alisimama wima. Aliwapokea wazee, akawamiminia chai mkono hautetemeki, ulimi mwepesi, macho makavu. Nikamshukuru Mungu, nikasema mwili umezoea, kama daktari alivyotuambia. Mzee Elifuraha akasimama kuomba, akamtoa kama mfano: tazameni neema inavyoweza kumnyoosha mtu. Mwezi uliofuata, siku ya kwenda kuchukua dawa, aliniambia nisipoteze siku yangu, atakwenda peke yake. Nikamwamini. Kwenye sendofu ya Irine, mwezi wa sita, alicheza mpaka mbele kumkabidhi mwanawe zawadi, hatua zimenyooka. Hakutabasamu. Watu wakasema ni heshima.

Mwezi wa saba, baridi ya mlimani imekaza, akalala. Uso ukutani.

Na hapo ndipo nilipowachukia watu wetu, nawachukia mpaka leo, na wakija kunizika waje wanajua. Walisema, "Kumbe pombe ndiyo iliyokuwa inamchangamsha." Walisema, "Afadhali alipokuwa anakunywa, alikuwa mtu." Elifuraha mwenyewe alilisema dukani, akacheka.

Wiki iliyopita nilibadilisha matandiko yake. Chini ya godoro nikakuta pakiti zote za dawa, tangu ile Jumatano Irine alipomsema jikoni. Alikuwa ameacha kila kidonge, hata kile kimoja cha miaka sita. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti, na yeye hakugeuka.

Nikaenda mjini peke yangu. Daktari akanisikiliza, akasema tunaanza upya, kimoja, polepole, na mwezi ujao nimlete hata kwa kumbeba. Nilirudi alasiri na pakiti mpya kwenye mkoba. Mlangoni nikakuta viatu vya wageni.

"Shangazi, shikamoo," Irine aliniamkia.

"Marahaba."

Mama Calvin alikuwa amekaa kwenye kiti cha kaka yangu, ameshuka na mkwewe kumjulia hali mgonjwa. Irine alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, na kwenye stuli kulikuwa na chupa ya mvinyo wa ndizi, ameitoa kwenye gazeti.

"Nilikuwa mkali sana kwa mama," aliniambia, machozi yanamtoka. "Nilimkatalia kitu kilichokuwa kinampa nguvu. Mama mkwe amenishauri, kidogo tu si vibaya."

"Kidogo tu," Mama Calvin alisema.

Nikafungua mdomo. Sifaeli akageuka kutoka ukutani, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Kisha akamtazama mwanawe aliyekuwa anamimina kwenye glasi.

Akanywa. Alikunja uso, akapaliwa, akanywa tena mpaka ikaisha, kwa sababu Irine alikuwa ameishika glasi kwa mikono miwili. Mashavu yakamwiva.

"Unaona, shangazi?" Irine alisema. "Anarudi."

Jioni ile sikumpa kidonge. Daktari alikuwa amekataza kuchanganya na pombe.