Periko ya Hapa

Siku ya kumi na moja tangu afike Bogota, Mama Ercilia alisukuma sahani kando kwa kidole kimoja, kama anayeondoa mdudu mezani, akasema anataka tikiti ya basi. Mwanawe Nerio alikuwa na kijiko mdomoni. Alikiacha humohumo kwa muda, maana angekitoa angesema neno la kujutia.

Siku kumi na moja! Supu ya kuku na viazi ya Bogota aliiita maji ya kuoshea vyombo. Arepa za mama lishe wa kona, mikate ileile ya mahindi aliyokula maisha yake yote, alisema hazina chumvi, chakula cha wagonjwa. Hata baridi aliilalamikia kana kwamba Nerio ndiye aliyeileta. Na Nerio, fundi makochi mwenye miaka arobaini na minne, alihangaika miaka miwili kumtoa mama huyu Marakaibo, kwao Venezuela, ng'ambo ya mpaka, kwenye nyumba ambayo watoto wote wamekwisha kuihama, anakolala peke yake na joto, na umeme unakuja ukipenda. Mwaka jana aliteleza bafuni akakaa sakafuni nusu siku mpaka jirani aliposikia anapiga kelele. Sasa anataka kurudi hukohuko kwa sababu ya chumvi.

"Jumapili nakupeleka kwa Yajaira," Nerio alisema. "Mwenzetu, anapika vya kwetu. Ukionja kitu kimoja tu kikakupendeza, unakaa mpaka Krismasi. Kisipokuwepo, Jumatatu nakukatia tikiti."

"Kitu kimoja," Mama akakubali. "Chinita ndiye shahidi."

Mmarakaibo hamtaji Bikira wa kwao kwa mzaha. Maneno yakaishia hapo.

Mgahawa wa Yajaira una meza sita, na Jumapili asubuhi kila Mvenezuela wa mtaa ule hukumbuka kwamba ana njaa. Walisimama kwenye mvua dakika arobaini. Nerio alikuwa hajatia kitu tumboni, na kila mara foleni iliposogea hatua moja, mama alisema, "Kwetu saa hizi ningekuwa nimeshakula na vyombo nimeosha." Nerio aliuma meno. Mwishowe wakapewa meza ya mlangoni, ambako kila anayeingia anaingia na upepo wake.

"Mama, wewe wa Marakaibo?" aliuliza jamaa wa meza ya jirani, dereva wa teksi aitwaye Wilmer.

"Umejuaje?"

"Nimekusikia tangu naegesha gari! Nyie mkisalimiana mtu anadhani mnagombana."

"Na wewe wa Karakasi. Mnaongea mmeziba pua, na maharage mnatia sukari. Sukari! Siku ya kiyama mtaulizwa."

Watu walicheka, na Mama Ercilia akacheka mwenyewe mpaka akashika kifua. Nerio hakuwa amesikia kicheko hicho tangu ampokee stendi. Akaona Krismasi ile pale, mama yuko jikoni kwake anakaripia kila mtu.

"Haya wapenzi wangu, mnakula nini?" Yajaira alipaza sauti toka kwenye jiko. "Semeni upesi, mafuta yananirukia!"

Mama wala hakuitazama orodha ukutani. "Mimi periko," alimwambia mwanawe. "Tangu nifike naiota, mwanangu, na ile..."

"Periko moja kwa mama!" Nerio alidakia. "Na mimi arepa ya nyama!"

"Periko ya kwetu au ya hapa?"

"Yajaira, nakufa njaa! Ya hapa, ya hapa, lete!"

Mama alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaanza kukunja kitambaa cha karatasi, mara mbili, mara nne.

Kikaja kikombe kidogo cha kahawa ya maziwa, na arepa ya Nerio inayochuruzika mchuzi. Mama alikizungushia kikombe viganja vyote viwili, akanywa kidogokidogo, macho dirishani. Nerio alikuwa amekwisha kumaliza nusu ya arepa ndipo alipogundua kwamba mbele ya mama yake hamna sahani.

"Kahawa tu? Nimekuleta kula, Mama."

"Inatosha."

Hapo yakamfika shingoni. "Inatosha nini? Nimekaa kwenye mvua kama chura! Nimekutafutia kuku hukutaka, samaki hukutaka, nakuleta kwa watu wa kwetu unaagiza kahawa! Si useme tu hutaki kukaa na mimi? Sema, niache kujisumbua!"

Mgahawa mzima ukageuka kuwatazama. Wilmer alikuta kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Mtu mzima kumkaripia mamake mbele za watu, na mdomo umejaa nyama. Ningekuwa karibu ningemzaba kofi.

Yajaira alipita katikati ya macho yale na sahani mkononi. Mayai yaliyovurugwa na nyanya na vitunguu, mekundu kwa manjano, na arepa mbili pembeni zikifuka moshi. "Periko yako, Wilmer," alisema.

Macho ya Mama Ercilia yaliifuata sahani mpaka ilipotua.

Nerio aliacha kutafuna. Bogota ukisema periko kwenye kaunta yoyote unapewa kahawa ndogo ya maziwa, naye alikuwa ameinywa kila asubuhi kwa miaka saba, kwenye kibanda kinachopakana na karakana yake. Marakaibo periko ni mayai. Ni mayai yaleyale aliyowekewa na mwanamke huyu kila asubuhi kabla ya shule, mpaka alipoota ndevu. Neno la kwao lilikuwa limemtoka kichwani bila hata kumuaga.

"Yajaira!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Periko! Ya kwetu! Ya mayai!"

"Si nilikuuliza, mpenzi? Nyie mliokaa sana mnanichanganya."

Nerio aliinama mezani. Aibu ilimchoma masikio. "Mama, kwa nini hukusema?"

"Ulisema ya hapa." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Nikajua ndivyo mnavyoiita huku kwenu."

Huku kwenu. Alilisema kwa upole, kama mgeni anayesifu nyumba ya watu.

Sahani ilikuja, na harufu yake ikamfikia Nerio kabla ya sahani. Aliisogeza mbele ya mama, akamshikisha uma. "Onja. Tonge moja tu, Mama."

Mama Ercilia aliyatazama mayai kwa muda mrefu. Alimeza mate, Nerio alimwona. Alijua, na mama alijua kwamba anajua, kuwa akionja yatampendeza, na Chinita alishawekwa shahidi.

Aliulaza uma pembeni ya sahani.

"Binti yangu," alimwita Yajaira, "hebu nifungie hii. Nitakula safarini."

"Mama, mayai hayafiki Marakaibo. Yataharibika njiani."

"Hata yakifika mpakani tu, inatosha," alisema Mama Ercilia, akaanza kufunga vifungo vya koti.