Mama Mkwe Amenipa Mimba ya Krismasi

Admin, nifiche kabisa, maana wifi zangu wote wanafuata ukurasa huu na mmoja wao hukomenti kila kisa.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, fundi wa kushona hapa Kitale. Nimeolewa Bungoma, upande wa Kamukuywa, na tuna mabinti wanne. Mvulana hatukujaliwa. Ninavyoandika hivi niko nyuma ya ghala la mahindi kwa mama mkwe, nakaa nasimama, nakaa nasimama, kwa sababu nimebeba mimba ambayo haipo.

Mwaka huu mwili wangu umenigeuka. Joto linanipanda kutoka kifuani hadi kichwani, jasho linanitiririka hata kwa ile baridi ya Kitale inayowavalisha wengine makoti. Usingizi umekataa. Hasira ziko karibu, kuna mteja nilimfokea kwa sababu ya zipu tu. Nilienda kliniki, muuguzi akanipima mimba kwanza, hakuna, akaniambia ninakaribia kukoma hedhi. Akanishauri nivae nguo nyepesi, nipunguze chai kali na pilipili, nitembeetembee, nilale penye hewa, na sikukuu nisijiue na kazi. Hapo nilicheka. Huyo muuguzi hajaolewa upande huu.

Mume wangu sikumwambia. Kaka yake aliongeza mke mara tu yule wa kwanza alipoacha kuzaa, na mimi sina kijana wa kunitetea. Nikaanza kulala chini kwenye simiti, nikimdanganya kuwa mgongo unauma.

Basi tukafika Kamukuywa. Huku mke wa mtu hapumziki Krismasi. Jikoni ni kuni, moshi, kuku wa kunyonyoa na sufuria ya ugali ya kulisha ukoo mzima. Nikiwa na kuku mkononi, joto likanivamia, na harufu ya yale manyoya yaliyomwagiwa maji moto ikanichafua roho. Nikavua sweta, nikavua kitambaa cha kichwa, nikakimbia nje kuegemea tangi la maji. Mama mkwe akanifuata, akanitazama usoni.

"Mwanangu, mwezi uliona lini?"

"Tangu tuanze kuvuna mahindi sijauona, mama."

Nilisema ukweli mtupu, na ndio ulioniponza. Kabla sijaongeza neno alikuwa ameshapiga vigelegele.

Nilitaka kumkatiza. Lakini alinishika mkono, akanikalisha kwenye kiti cha marehemu baba mkwe ambacho hata mume wangu hakikalii, akamwita mke wa shemeji yangu. "Wewe, shika mwiko. Huyu asiingie kwa moshi tena. Kuka amerudi." Kuka ni babu, yaani huyo baba mkwe. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na mzee huyo alituacha mwaka jana tu. Jamani, niliketi. Upepo ukanipiga, mtu akaniletea maji, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikala kuku akiwa bado moto. Nikanyamaza.

Sasa utamu umeisha. Kila jioni mama mkwe ananifunika blanketi la marehemu, zito kama gunia la mahindi. "Kuka asishikwe na baridi, bana." Mimi chini yake naiva. Ameshamwambia mchungaji pia. Siku ya mwaka mpya nitaitwa mbele ya kanisa niwekewe mikono tumboni, na mbuzi wa shukrani amefungwa hapa karibu nami, ananiangalia.

Lakini anayenimaliza ni mume wangu. Alinivuta kando machozi yakimlengalenga. "Si ungeniambia tu? Mimi nilidhani umenichoka, ndio maana unalala chini." Tangu siku hiyo anafungua dirisha bila kuambiwa. Ananipepea na kipande cha katoni mpaka mkono unamchoka. Jana amesema, "Tukirudi Kitale punguza kazi. Kupika niachie mimi." Sijui mtu huyu alikuwa amefichwa wapi miaka yote hii.

Nikisema ukweli, boma zima litaniita mwongo, na mama mkwe atamlilia mzee wake mara ya pili. Nikinyamaza, tumbo halitakua. Kuna wazo linanijia niseme imetoka, halafu nafikiria kumliza huyo mama kwa mtoto ambaye hakuwahi kuwepo, najichukia. Na hofu yangu kubwa hata si hiyo. Joto hili ni lile lile, Kuka awepo asiwepo. Je, mume wangu akijua hakuna mtoto, atanipepea bado, au atamfuata kaka yake?

Kina mama mliopita hapa, na nyinyi wanaume pia, niambieni la kufanya kabla huyu mbuzi hajachinjwa. Namsikia mume wangu ananiita, anauliza watoto kama wameona ile katoni yake.