Ukingo Uliofyekwa

Mshona mapazia hakulia siku alipomzika mumewe, na watu hawakukosa la kusema. Kuna waliosema amejikaza kisabuni, na kuna waliosema moyo wake ni jiwe. Mwenyewe hakuwa na hili wala lile. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi: anaugusa, anajua ni wake, lakini haumwambii kitu.

Nyumba yao ilikuwa bondeni, karibu na kijito, na magari yaliishia juu mtaani. Figo za mumewe zilipoanza kugoma, majirani walimpandisha ngazi za udongo akiwa juu ya kiti kila siku ya matibabu. Mume alikuwa na mwili, na majirani walihema. "Nipandisheni taratibu," aliwaambia, "mkiniangusha kochi hili halina waranti." Walicheka, lakini usiku alimwambia mkewe kwamba aibu inamuua kabla ya maradhi.

Ndipo wakaamua kujenga njia ya gari hadi mlangoni. Mteremko wa pekee usio mkali ulifuata kijito, kwa hiyo njia ikapita huko. Dereva wa mtambo wa kusawazisha ardhi alitaka nafasi ya kugeuzia, akafyeka ukingo mzima, matete, mikuyu na vichaka, hadi udongo mwekundu ukabaki uchi. Mume alikuwa dirishani akipiga kelele, "Jamani, msimalize vyote!" Sauti yake haikuushinda mtambo.

Zege la njia lilikuwa bado limefunikwa magunia mabichi ili likomae alipofariki hospitalini. Gari la kwanza kuipita njia ile ndilo lililomleta ndani ya jeneza.

Mvua zilipoanza, ukingo ulimomonyoka na kijito kikageuka uji wa matope. Jirani wa chini, aliyekuwa akimwagilia mboga kwa maji yale, alilalamika, na bwana mazingira akaja. Alivua kofia.

"Pole na msiba, mama. Lakini mimea ya ukingo huu lazima irudi. Ukiuacha hivi, maji yatakula udongo hadi chini ya zege lako."

"Sawa," alisema mshona mapazia. Siku zile alijibu sawa kwa kila kitu.

Aliyekuja kumsaidia bila kuitwa ni wifi yake, dada wa marehemu, ambaye ukoo mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Alifika na jembe begani.

"Wifi, umekonda kama sindano zako! Kaka yangu angekuona angedhani nimekunyima chakula."

"Sawa."

"Sijakutania ili uniambie sawa!"

Walianza kazi. Mshona mapazia aliunganisha magunia ya katani kwa uzi mnene, wakayatandaza ukingoni na kuyapigilia vigingi. Wakatoboa matundu na kuchomeka vipande vya matete karibu na maji, matawi ya mkuyu juu yake, na nyasi kandokando ya zege. Redio alisimulia habari za ukoo kuanzia babu hadi vilembwe. Mwenzake alichomeka, akakandamiza udongo, akasogea hatua moja, akachomeka tena.

Kisha mvua kubwa ikanyesha usiku kucha. Asubuhi walikuta magunia ya chini yamebebwa na matete yametawanyika kijitoni. Redio aliketi kwenye tope, akalia kwa sauti.

"Hata hiki kimekwenda! Kaka yangu amekwenda, na hata hiki kimekwenda!"

Mshona mapazia alimtazama kama mtu anayetazama mvua kupitia kioo. Akashuka majini, akayanasua magunia kwenye mawe, akayakagua.

"Hatukuzika upindo wa juu," alisema. "Maji yameingia kwa nyuma yakayavua magunia yote. Tuchimbe mfereji, upindo uingie ardhini."

"Wewe unawaza upindo, mimi namlilia kaka!"

"Na mimi namwaza, wifi. Ila hakiji."

"Nini hakiji?"

"Kilio. Tangu siku ile nakingoja, hakiji. Nikilala nakingoja, nikiamka nakingoja."

Hakuwa amemwambia mtu neno hilo. Redio alijifuta pua kwa mkono wenye tope, akasimama.

"Basi usikingoje," alisema kwa sauti ndogo ambayo ukoo haukuijua. "Hebu nionyeshe huo mfereji unapita wapi."

Walichimba hadi mikono ikatoka malengelenge, wakauzika upindo na kuushindilia kwa miguu. Mvua iliyofuata haikubeba kitu. Matete yalichipua kwanza. Matawi kadhaa ya mkuyu yalikauka, wakachomeka mengine. Bwana mazingira alikuja akavuta tete moja, likakataa kung'oka, naye akaridhika. Jirani wa chini akaacha kulalamika, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na shukrani.

Mshona mapazia alirudi kwenye cherehani. Wateja sasa waliteremka kwa gari hadi mlangoni na majora yao ya kitambaa. Aliwapimia, akawashonea, na bado hakulia.

Siku Redio alipofunga mkoba wake ili arudi kwake, mwenzake alikuwa akipinda pazia. Hakuinua macho.

"Usiende leo," alisema.

"Kwa nini? Kuna nini leo?"

"Hakuna kitu. Usiende tu."

Redio aliuweka mkoba chini nyuma ya mlango, akaenda kubandika chai.