Mstari Mmoja Ukutani

Juzi, katika duka moja hapa Kindu, mama mmoja aliyetoka Kailo aliomba chumvi kwa deni. Mzee mwenye duka aligeukia ukuta anaoandikia wadeni kwa makaa tangu vita. Ukilipa hakufuti, kila deni linaloisha, jina linapigwa mstari mmoja.

“Jina yako iko na mistari tatu. Beba, mama.”

Nami nikaomba sabuni kwa deni. Kidole chake kikashuka hadi jina langu. Halikuwa na mstari hata mmoja: chumvi niliyokopa wakati wa vita sikuwa nimeilipa. Nikatoa franga zote mfukoni, nikalipa. Akapiga mstari, polepole.

“Na sabuni, papa?”

“Mustari ni moja tu. Sabuni, leta franga.”

Nikarudi bila sabuni, nikaketi kuwaandikia ninyi juu ya uaminifu.