Kinu Kitupu cha Nyamizi

Nyamizi alipopoteza sauti, hakuna aliyeitafuta nyumbani kwake Ngokolo. Ilizama kidogo kidogo mpaka ikabaki pumzi tu, na mwanawe Deusdedit na mkewe Melania wakaona ni nafuu. Walipanga mambo yake mbele yake, kama watu wanaozungumza mbele ya kabati.

Tangu ujana alitwanga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Mwakitolyo, wanawake wawili kwenye kinu kimoja, michi ikipishana. Mawe hayo ndiyo yaliyojenga nyumba waliyomo. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, hatua zikafupika, miguu ikawa inagoma mlangoni. Majirani walisema amelogwa, wengine, anakunywa. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson: hauponi, ila dawa na mazoezi vinasaidia. Melania alisikia "hauponi" tu, akamtengea sahani ya plastiki.

Asteria, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyetumwa nyumbani na daktari, kwanza alimpa mazoezi anayopewa kila mtu. Nyamizi hakuyagusa.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nyamizi akainua mikono, akatwanga hewa. Aliporudi tena, Asteria alisimama upande wa pili wa kinu cha mahindi, wakatwanga kwa kupishana, Asteria akipiga kelele kwa kila pigo na Nyamizi akijitahidi kumfuata kwa pumzi aliyobaki nayo. Ndani ya kinu hamkuwa na kitu.

Mtaani pale, kutwanga kinu kitupu ni kuita msiba. Melania akaficha michi. "Anatutwanga sisi," alimwambia jirani, na jirani akaacha kupita uani. Nyamizi akaendelea kwa mpini wa jembe, peke yake, akiguna na kuhema. Usingizi ukarudi. Choo kikaacha kumtesa. Akaweza kujigeuza kitandani bila kumsubiri mtu mwenye kinyongo. Lakini mkono uliendelea kutetemeka, na huo ndio waliouangalia.

Asubuhi moja Deusdedit akaja na gari la kumpeleka Ushetu, kwenye chumba nyuma ya banda la kukaushia tumbaku la mjomba wake.

"Mayu, mama yangu, panda. Huko utapumzika, kuna hewa nzuri."

"Ya tumbaku?"

Deusdedit akageuka kutazama nani amesema. Melania akaweka ndoo chini.

"Kumbe Mama una sauti!"

"Ninayo. Nawe unayo michi yangu, irudishe."

"Mayu, taratibu, majirani wanasikia."

"Wasikie! Hii nyumba nimeitwanga mimi, jiwe kwa jiwe. Baba yako hakuweka hata bati moja. Mnataka kunianika na majani?"

"Lakini gari limeshafika," Deusdedit alisema, kwa sauti ndogo kuliko ya mama yake.

"Basi lisirudi tupu. Pakieni vyenu."

Nje ya ua mtu alicheka. Dereva akafungua mlango wa nyuma, akasubiri.

Deusdedit na Melania sasa wamepanga chumba Kambarage. Nyamizi yuko Ngokolo, katika chumba cha mbele, na mkono wake bado unatetemeka.