Unga wa Kolini na Harufu Isiyokwisha

Kuna siku moja imekuwa ikinirudia tangu asubuhi, mwanangu, tangu uliponitumia picha ya ile chupa ya kolini ukaniuliza kama inamfaa mwenye mimba. Nimekaa hapa mlangoni, chai imepoa, na siku yenyewe naiona kama naiota. Nilikuwa nimekubeba wewe.

Kabla yako nilikuwa nimepoteza mimba mbili. Hilo ulijue kwanza, ndipo uuelewe upumbavu wangu. Tulikuwa tunaishi Muhuru Bay na baba yako, mimi naanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni, na kila nilipoinama kuzigeuza nilikuwa nazungumza nawe tumboni, nakusihi ukae. Mayai sikuwa nakula. Kwetu mwenye mimba aliambiwa aachane nayo, sababu haikutolewa, na mimi sikuiuliza.

Basi shangazi yako akaja kutoka ng'ambo na chupa ya unga mweupe. Akaniambia ni kolini, kirutubisho kinachosaidia ubongo wa mtoto kujengeka. Ndani mlikuwa na kijiko cha plastiki cha kupimia, kidogo sana. Nilikitazama nikacheka. Nikakitupa, nikachukua kijiko cha kulia, nikawa najaza mpaka unga unafanya kilima, asubuhi kwenye uji, jioni kwenye uji. Nilijiambia mtoto huyu atakaa, tena atakuwa daktari. Usinicheke.

Baada ya siku chache jasho likawa linanitoka bila kazi, nikisimama naona kizunguzungu, na mwili ukanuka samaki. Lakini nani Muhuru angeshangaa mwanika omena akinuka samaki? Baba yako alinuka, majirani walinuka, hata mto wa kulalia ulinuka. Nikaendelea na uji wangu.

Mwezi ukawa mpevu, ule wakati taa za wavuvi hazivuti omena, na mashua zikapumzika. Nikaenda Kosele kumsalimia dani, yaani nyanya yangu mzaa mama. Huko ni mahindi na njugu tu, ziwa hulioni. Nilioga asubuhi na jioni, nikavaa nguo zake zilizokaa sandukuni na kipande cha sabuni. Zilikuwa siku tamu, nzito, nalala mchana nikisikia kuku kwa mbali, naota miguu yako midogo. Siku ya nne dani akaja kuniamsha, akainama, akaninusa shingo taratibu.

"Nyakwara, mjukuu wangu, omena umeziacha Muhuru," akasema. "Hii harufu inatoka wapi?"

Nikamweleza habari ya unga. Hakunigombeza. Aliifunga ile chupa kwenye leso yake, akaniongoza mpaka kliniki, hatua kwa hatua, kama anayemfundisha mtoto kutembea. Sista akasoma maandishi ya chupa, akanipima presha, akaikuta imeshuka sana. Akaeleza kwamba kolini mwili unaihitaji, na mwenye mimba zaidi, lakini ikizidi mno huleta jasho, kutapika na harufu ya samaki, hushusha presha, na inaweza hata kuumiza ini.

Nililia, mwanangu. Niliogopa kwamba nimekuua kwa mkono wangu mwenyewe. Sista akaweka tumboni kile kifaa kama tarumbeta ndogo, akatega sikio, akakisogeza mara ya pili na ya tatu. Kisha akasema moyo unapiga. Akaniuliza nakula nini, na nilipomwambia, akasema kolini imejaa kwenye kiini cha yai, na nyingine iko kwenye samaki, maziwa, maharagwe na njugu.

Tuliporudi nyumbani dani akachemsha mayai mawili. Enzi zake mwanamke yeyote, mwenye mimba au asiye nayo, alikatazwa mayai, naye hakuwa ameonja yai maisha yake yote. Alimenya la kwanza, akakaa mbele yangu, akauma na kutafuna macho ameyafumba.

"Kama kuna ubaya, uanze na mimi," akasema. "Sasa kula."

Nilikula huku nalia. Unga niliuacha, harufu ikaisha polepole, nawe ukakaa mpaka miezi yako ikatimia.

Kwa hiyo chupa yako sikwambii uitupe. Ipeleke kliniki, waione pamoja na vile vidonge vya kuongeza damu walivyokupa, na vidonge hivyo usiviache. Uliza kama kolini hiyo unaihitaji kweli, na kiasi gani, ukifuate hicho hicho. Ukiona kizunguzungu, ukitapika sana, au ukinuka samaki na hujagusa samaki, rudi kwao siku hiyo hiyo. Chakula kamili usikiache eti kwa sababu una dawa ya chupa. Na ile hofu ya kumpoteza mtoto, hofu iliyonifanya nizidishe, najua unayo, ingawa hujaniambia. Usikae nayo peke yako, nipigie.

Nyasaye, Mungu wetu, akutunze, akutunzie na huyo aliye ndani. Siku yako ikifika ikukute na nguvu, na sauti ya kwanza utakayoisikia iwe ya mtoto analia.